Swali Lililomtisha Fundi Lifti

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu, nazinyoosha, nazikunja. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi yangu. Nina meza ya pasi, mabeseni manne, na kamba mbili za kuanikia uani. Kabla ya kuloweka nguo yoyote, napekua mifuko. Nimeshakuta funguo, vidonge, barua za mapenzi, hata jino. Simwambii mtu. Dobi asiyejua kufunga mdomo hukosa wateja.

Mume wangu ni fundi lifti. Ana shahada ya umeme, na kwa miaka kumi na miwili ametengeneza lifti za maghorofa. Siku moja mama mmoja alikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Alikuwa anahema, anadhani anakufa. Mume wangu alikaa nje ya mlango akaongea naye dakika arobaini, mpaka wenzake wakawasha mtambo. Aliporudi nyumbani alikuwa na mawazo.

"Lifti niliielewa," akaniambia. "Yule mama sikumwelewa. Nataka kujua watu wanaharibikaje."

"Watu hawaharibiki," nikamjibu. "Wanaugua."

Akatafuta chuo. Akapata masomo ya shahada ya uzamili ya saikolojia ya afya ya akili, yanayopokea hata watu waliosomea mambo mengine. Ni miaka miwili, jioni tatu kwa wiki na kila Jumamosi asubuhi. Akakubaliwa. Tulifurahi siku moja. Siku ya pili hofu ikahamia nyumbani kwetu.

Aliwaogopa wenzake darasani, kwa kuwa wengi ni wauguzi, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii. Aliogopa vitabu vyenyewe. Insha yake ya kwanza aliiandika kama ripoti ya hitilafu: chanzo, sehemu iliyoharibika, vipuri vinavyohitajika. Mhadhiri akaandika pembeni, "Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" Mume wangu alinionyesha karatasi ile. Nilicheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki.

Tunaishi na mdogo wake, ambaye ni kinyozi. Mtaa mzima humwita Redio, kwa sababu huanza kuongea akifumbua macho. Ukikaa kwenye kiti chake utapata habari za mpira, za siasa na za ndoa za watu kabla upande mmoja wa kichwa haujaisha. Lakini mwaka ule mchumba wake alimwacha. Kisha jengo lenye kibanda chake likabomolewa. Redio akapunguza sauti. Baada ya miezi miwili akazima kabisa. Mimi nilisema moyoni, mwache, atazoea. Nilikosea, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Jumamosi moja mume wangu alikwenda chuoni asubuhi. Nikachukua ovaroli yake, nikapekua mifuko. Ndani kulikuwa na kadi ya ukaguzi. Ni kadi ngumu ambayo mafundi huitundika kwenye chumba cha mtambo wa kila lifti, na kila wakija kukagua huandika walichokiona. Juu, mahali pa namba ya lifti, mume wangu aliandika jina la mdogo wake.

Jumanne: hakula. Hatua: endelea kuangalia.

Jumatano: hakulala. Hatua: endelea kuangalia.

Alhamisi: amesema, "Nawachosha tu, mtapumzika." Hatua: endelea kuangalia.

Ijumaa: amempa kinyozi mwenzake mashine yake ya kunyolea, bure. Hatua: endelea kuangalia.

Nikakaa juu ya rundo la mashuka ya watu. Redio alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Nikatega sikio. Nilimsikia akikohoa, nikashukuru kwa kikohozi kile.

Saa nne akaja nesi wa kliniki ya afya ya akili. Huja kila Jumamosi kuchukua sare zake.

"Dada nesi," nikamwambia, "kuna mtu mmoja namfahamu, hana raha."

"Anaishi humu?"

"Ni mdogo wa mume wangu." Nikampa kadi. Aliisoma amesimama, sare zake mkononi.

"Nani ameandika?"

"Mume wangu. Anasomea saikolojia."

"Amesoma kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Ameona vizuri," akasema. "Macho anayo. Sasa bado mdomo. Mmemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anafikiria kujiua."

"Dada, neno hilo halitamkwi. Ukimtajia, si ndiyo unampa wazo?"

"Wengi wanaamini hivyo, lakini si kweli. Kama hana wazo hilo, atakwambia hana, na hutampa. Kama analo, amelibeba peke yake, na kuulizwa kunaweza kumpunguzia. Uliza kwa upole, ila kwa maneno yaliyo wazi. Usizungukezunguke."

"Na akisema ndiyo?"

"Usimgombeze. Usimwambie hana shukrani. Msikilize. Msimwache peke yake. Wekeni mbali kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Na msimwahidi kwamba itakuwa siri. Mleteni kliniki leo leo, msingoje Jumatatu. Nipo zamu mpaka jioni."

"Mume wangu hawezi kumsaidia mwenyewe, nyumbani?"

"Kumtibu hapana. Mwanafunzi wa miezi mitatu hatibu mtu, na hata sisi wazoefu hatuwatibu ndugu zetu. Lakini yeye ni kaka yake. Leo anatakiwa kaka."

Alipoondoka nilihamisha kiti changu nikakaa nje ya mlango wa shemeji yangu, nikijifanya nakunja nguo. Nilikunja shuka moja mara tatu. Kila nilipoona kimya kimezidi nilimwita. "Shemeji, umeona vibanio vyangu?" Naye alijibu, "Hapana, shemeji." Nilimuuliza vibanio mara nne siku ile.

Mume wangu alirudi saa saba kasoro. Nikamvutia uani, nikamwonyesha kadi.

"Umejua tangu Jumanne," nikasema.

"Nilikuwa naangalia."

"Unaangalia mpaka lini?"

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Kazini tulifundishwa, waya usioujua usiuguse. Nimesoma sura nne za kitabu tu. Nikiharibu lifti, naita fundi mwingine. Nikimharibu huyu, mama yetu nitamwambia nini? Naogopa, mke wangu."

"Na mimi naogopa," nikamwambia. Kisha nikamweleza maneno yote ya nesi.

Alinawa uso mara mbili. Tukabisha hodi.

Redio alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Kitanda kilitandikwa vizuri kuliko siku zote, na nguo zake zote zilikunjwa. Mume wangu akakohoa.

"Tafiti zinaonyesha kwamba watu wenye dalili za huzuni ya muda mrefu..."

Nikamkanyaga mguu. Akaanza upya.

"Mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

Bomba la uani lilikuwa linadondosha maji. Nilisikia kila tone. Sijawahi kuogopa kiasi kile maishani mwangu.

"Ndiyo," akasema Redio. "Karibu kila siku."

Mume wangu akakaa kando ya mdogo wake, bega kwa bega.

"Niambie," akasema.

Redio akaeleza kidogo kidogo, mara anasimama, mara anaendelea. Hatukumkatiza. Alipomaliza, mume wangu akatoa ile kadi.

"Nimekuwa nakukagua kama lifti. Nisamehe. Niliogopa kukuuliza."

Redio akaisoma mstari kwa mstari, bila haraka.

"Jumanne nilikula," akasema. "Ndizi mbili."

"Sikuona."

"Hukuuliza."

Hapo mume wangu akalia, na mdogo wake akamshika mkono.

Tulikwenda kliniki saa ile ile, sote watatu. Kabla ya kutoka nilikusanya nyembe za kazi na vidonge vyote vya nyumbani, nikavifungia kwenye kabati la nguo za wateja. Ufunguo nikautia kifuani. Nesi alitupokea mlangoni. Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi, Redio aliomba kalamu. Akakata neno "hakula", akaandika juu yake, "ndizi mbili". Kisha akamrudishia kaka yake kadi.

Daktari alisema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kwamba unatibika. Redio akapewa dawa na mshauri wa kuongea naye kila wiki. Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki za mwanzo tulipokezana kukaa naye, na usingizi wetu ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilikuwa nikishtuka kwa mlango kugongwa tu. Taratibu akaanza kumaliza sahani yake. Halafu siku moja akabisha kuhusu mpira, nikatamani kumkumbatia mbele za watu.

Mume wangu alitaka kuacha chuo. Alimwambia mhadhiri wake kwamba mtu aliyeogopa swali moja kwa siku nne hawezi kazi hii.

"Mwishowe ulimuuliza?" mhadhiri akasema.

"Nilimuuliza, ila nilikuwa natetemeka."

"Basi tetemeka, lakini uliza. Na watu wa nyumbani kwako usiwaandikie kadi tena."

Akabaki. Mwezi wa tano wa matibabu Redio alikwenda kuomba mashine yake, na kinyozi mwenzake akamrudishia. Siku hizi anafanya kazi kwenye kona ya chumba changu cha mbele. Nywele za wateja wake zinarukia mashuka yangu, na tunagombana kila siku. Bado anakwenda kumwona mshauri wake, na tunamuuliza hali yake kwa maneno yaliyo wazi.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa mwaka, alimkalisha kaka yake kwenye kiti. Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

"Kaka, unaogopa?"

"Kidogo."

Redio akazima mashine. "Nimeuliza, unaogopa?"

Mume wangu akatazama chini. "Naogopa sana."

"Haya, niambie," akasema Redio.

Akawasha mashine tena. Mume wangu akaanza kueleza. Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika familia hii, Redio akanyoa kichwa kizima, kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji la uso, bila kumkatiza mtu.