Kopo Moja, Majibu Mawili

Nyumbani kwa mshonaji mmoja, kila kitu kilikuwa na kopo lake. Sindano kopo lake, vifungo kopo lake, hata mbegu za mboga. Majirani walimwita Mama Makopo, naye hakununa. Pakiti, alisema, zinajaza nyumba bure.

Siku moja mumewe, fundi mwashi, alichomwa na msumari mguuni. Kituo cha afya kilimpa vidonge vya kuua vijidudu. Mama Makopo akavitoa vyote kwenye pakiti, akavimimina kwenye kopo lililokuwa la vifungo, pakiti yenyewe akaitupa. Baadaye vichache vikamwagikia majini. Hakutaka kurudi kwenye foleni, akanunua vingine kwa mchuuzi aliyepita mtaani. Vilikuwa vyeupe vilevile, ukubwa uleule. Akavitia humohumo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kidonda kikaanza kukauka, kisha kikavimba tena. Leo nafuu, kesho homa. Mama Makopo hakujua ashike lipi, aache lipi. Dawa mume anainywa mbele yake, kwa saa zake. Mbona mguu unaoza? Aliogopa kwamba utakatwa, na hofu ile hakumwambia mtu. Mwishowe alimshika mumewe mkono, kopo kwapani, wakaenda kituoni.

Daktari alimchukua mgonjwa kumsafisha kidonda. Mfamasia akabaki na kopo. Alisaga kidonge kimoja, akapaka unga wake kwenye kadi ya karatasi yenye mistari, akaisimamisha kadi kwenye maji kidogo. Maji yakapanda, rangi zikatokea. Akazilinganisha na picha ya kadi iliyopimiwa dawa halisi. Zilifanana.

"Dawa ni nzuri," alisema.

Mama Makopo akazidi kuchanganyikiwa. Kama dawa ni nzuri, kosa liko wapi? Akaomba kipimwe kingine. Safari hii mstari wa dawa haukutoa rangi yoyote, na mwingine ukawa wa bluu nyeusi, dalili ya wanga mwingi, unga kama wa muhogo.

Mfamasia naye akakuna kichwa. Alirudia, majibu yakawa yaleyale. Ndipo akauliza, "Mama, humu umetia vya wapi na wapi?"

Mama Makopo alieleza yote, sauti ikififia. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namuua?"

"Mwenye kosa ni aliyekuuzia wanga. Lakini ulivichanganya, na sasa kwa macho hata mimi siwezi kuvitenga."

Alimweleza kwamba kadi ile ni kipimo cha haraka tu. Inanasa dawa bandia ya wazi, haisemi kila kitu, na kidonge kimoja hakiwezi kusemea kopo zima. Vilivyobaki angevipeleka maabara, na wakaguzi wa dawa wangearifiwa.

"Dawa nunua kwenye duka lenye kibali," alisema. "Iache kwenye pakiti yake. Pakiti ina jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiitupa, umetupa ushahidi. Na dawa isiposaidia, rudini mapema."

Mwashi alipewa dawa mpya. Safari hii ilikaa ndani ya pakiti yake. Kidonda kikafunga, akarudi kujenga.

Juzi jirani alipiga hodi, kichwa kinamuuma. Alikuja kuomba vidonge viwili kutoka kopo maarufu. Mama Makopo akalifunua mbele yake.

"Humu vimerudi vifungo, shoga. Vaa viatu, nikusindikize kituoni."