Kofia ya Mikono Miwili

Kila alasiri, akishatoka skuli, Rasha alikwenda kumtungia uzi Bi Kazija, jirani yao wa mtaa wa Malindi anayeshona kofia za viua, vile vijitundu vinavyodariziwa kwa uzi. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka. Na Rasha, masikini, hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye: baba alishinda bandarini akipakua mizigo, mama alifanya kazi hotelini Kendwa na kurudi Ijumaa tu. Pale barazani ndipo alipopata kucheka.

Mwalimu Hisham, msimamizi wa gazeti la skuli, alimtaka aandike habari za fundi huyo. Nafasi ya kumwuliza ilikuwepo tele, lakini uvivu ni uvivu! Rasha aliiagiza akili mnemba kwenye simu ya baba, nayo ikamwandikia ukurasa mzima, pamoja na maneno haya: "Kofia zangu nazishona peke yangu, mwanzo mpaka mwisho," alisema Bi Kazija. Rasha akatia jina lake chini, akapeleka.

Lahaula! Bi Kazija hakusema hivyo hata siku moja. Mwenzake, Bi Mwatima wa Mkokotoni, ndiye aliyekuwa akidarizi viua, na Bi Kazija akiunganisha kofia. Miaka thelathini sasa. Mashine ingejulia wapi? Picha ya gazeti ilizunguka kwenye simu hadi Mkokotoni, na Bi Mwatima akaacha kuleta kazi.

Alasiri iliyofuata Rasha alikuta baraza tupu na mlango umefungwa.

"Hodi! Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba," sauti ilijibu kutoka ndani. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mwenzangu hapokei hata simu yangu. Nlisema lini maneno yale, Rasha?"

Rasha aligeuka, akaenda zake. Kwa siku tatu alirudi nyumbani moja kwa moja, akakaa peke yake na sahani ya wali asioutaka. Siku ya nne alimweleza Mwalimu Hisham kila kitu huku akilia.

"Kanuni ya gazeti letu, kwamba mashine ikitumika msomaji aambiwe, huijui?"

"Nnaijua, mwalimu. Nliona hakuna atakayegundua."

"Basi tutasahihisha palepale tulipokosea, ukurasa wa mwanzo, kwa jina lako."

Wanafunzi wenzake walimwita "mwandishi wa mashine". Aliumia, lakini Jumamosi alifuatana na mwalimu hadi Mkokotoni, akamsomea Bi Mwatima masahihisho yale.

"Mbona hukumwuliza mwenzangu?" alisema Bi Mwatima. "Si mnakaa pamoja kila siku?"

"Nisamehe, bibi."

Bi Mwatima aliingia ndani, akatoka na furushi la viua. "Mpelekee mwenzangu. Kazi imelala wiki nzima."

Alasiri ile Rasha na mwalimu walipofika na furushi, mlango wa Malindi ulifunguliwa. Mwalimu Hisham alisema, "Rasha, akili mnemba si haramu. Ukiitumia, msomaji aambiwe. Lakini neno la mtu huulizwa mwenyewe, na mwandishi ndiye anayelibeba. Kuuliza si ujinga."

Bi Kazija alimpa Rasha sindano. Rasha akatunga uzi, kisha akauliza kwa woga:

"Bibi, wewe na Bi Mwatima mlijuana vipi?"

Bi Kazija akasogea kumpa nafasi.

"Kaa kitako, mwanangu. Hayo hujapata kuniuliza."