Mapapai Yenye Manundu

Nyamizi alianza kila siku kwenye mipapai. Alichota maji kisimani na kumwagilia, ndoo moja kwa miti miwili. Kisha alipita akiangalia matunda yaliyokaribia kuiva. Mipapai ilikuwa arobaini, nyuma ya nyumba yao, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Tabora kwenye barabara ya kwenda Nzega. Mumewe, Sixbert, alipakia matunda kwenye baiskeli na kuyapeleka sokoni mjini.

Nyamizi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka uliotangulia, kwa hiyo hii aliibeba kwa hofu. Ugali ulimshinda. Papai lililoiva ndilo lililokaa tumboni, naye alilila kila siku.

Mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, aliona papai changa lenye nundu. Utomvu mweupe ulikuwa ukitoka kwenye ngozi yake. Alidhani limegongwa na kitu. Baada ya wiki mbili, karibu kila mti ulikuwa na mapapai ya namna hiyo, yamejikunja na kujaa manundu.

Siku moja Sixbert alirudi kutoka mjini na kapu likiwa bado limejaa. Mama mmoja wa sokoni alikuwa amelitazama papai lake na kusema mbele ya watu kwamba lina ugonjwa, na anayelila atavimba. Wengine wote wakakataa kununua.

Mama yake Sixbert, Katarina, alikuwa akichambua mboga. Aliacha mikono yake juu ya ungo. Akamuuliza Nyamizi ameyala mapapai ya miti hiyo kwa muda gani. Nyamizi alisema tangu mimba ilipoingia. Macho ya Katarina yalibaki kwenye tumbo la mkwewe.

Sixbert alichukua panga akaenda nyuma ya nyumba. Shina la mpapai ni laini. Mti mmoja ulianguka kwa mapigo mawili, kisha wa pili, kisha wa tatu. Alipofika wa kumi na moja, Nyamizi alikuja akasimama mbele ya mti uliofuata.

"Acha kwanza," alisema. "Kama ni sumu, nimeshaila. Hata ukikata miti yote, sumu haitatoka tumboni mwangu. Nataka kujua ni kitu gani."

Sixbert alishusha panga. Jasho lilimtiririka.

Walimpigia simu Adelina, afisa ugani wa kata yao. Alifika kesho yake kwa pikipiki. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa Sixbert. Alimwamkia Katarina shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaenda moja kwa moja kwenye miti. Alitazama majani juu na chini. Alipasua papai moja kwa kisu. Mbegu zake nyingi zilikuwa nyeupe na hazikukomaa.

"Sitawadanganya," alisema. "Yanaweza kuwa mambo mawili. Kuna ugonjwa wa virusi. Huo hauna dawa, na miti yote hung'olewa. Lakini huo huacha alama za duara kwenye matunda, na majani huwa na mabaka. Hapa sioni duara. La pili ni njaa. Mti ukikosa chakula fulani kwenye udongo, matunda yake hujikunja hivi. Lazima tupime udongo."

Nyamizi aliuliza swali lililokuwa likimsumbua tangu jana. Je, mtoto?

Adelina alimwambia kwamba yote mawili, virusi na njaa, ni matatizo ya mti. Hayahamii kwa binadamu. Hata hivyo alimshauri aende zahanati, moyo wake utulie.

Kisha akauliza wanailisha nini mipapai yao. Katarina ndiye aliyejibu, tena kwa fahari kidogo. Jirani yao Ng'washi alikuwa na bani, nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Kila msimu wa tumbaku Katarina alichota jivu huko na kumwaga ndoo nzima kwenye kila shina. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu.

"Na samadi?"

Samadi hawakuwahi kuweka.

Adelina hakumlaumu. Alichimba udongo sehemu nyingi za shamba, akauchanganya, akaufunga kwenye mfuko na kuandika jina la Sixbert. Majibu ya maabara yangechukua wiki tatu.

Zilikuwa wiki ndefu. Nyamizi alikwenda zahanati na Katarina. Muuguzi alimpima, akasema mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri na papai lililoiva halina ubaya. Lakini nyumbani Katarina hakumruhusu kuligusa. Nyamizi alikula uji tu, akakonda usoni. Mtoto akitulia kwa saa moja, alibonyeza tumbo mpaka ahisi teke. Sixbert alitembea kati ya miti bila kufanya kazi yoyote.

Adelina aliporudi, alikuwa na karatasi mkononi. Aliwakalisha wote watatu.

"Ni njaa," alisema. "Udongo wenu ni wa kichanga. Mvua inaosha chakula chake upesi, na hakuna samadi ya kukishika. Kinachokosekana zaidi kinaitwa boroni. Mti unahitaji boroni kidogo sana, lakini ukiikosa, tunda haliwezi kukua sawasawa. Na jivu, mama, ni zuri likiwa kidogo. Likizidi, linabadilisha udongo. Hata ile boroni kidogo iliyomo, mizizi inashindwa kuichukua."

Katarina aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyeiua mipapai.

"Hujaiua, mama. Uliilisha chakula kimoja tu."

Adelina alitoa pakiti ishirini na tisa za unga mweupe uitwao boraksi, wenye boroni ndani yake. Kila moja ilikuwa na gramu tano, zilizopimwa kwa mizani. Pakiti moja kwa mti mmoja. Sixbert aliuliza kama akiweka mbili, miti haitapona haraka zaidi.

"Itaungua," Adelina alimjibu. "Boroni ikizidi ni sumu kwa mti. Weka moja, na usirudie mpaka nije."

Walifanya kama walivyoelekezwa. Waliacha jivu. Sixbert alileta samadi iliyooza vizuri kutoka zizi la Ng'washi. Walitawanya boraksi na samadi kwa kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, wakamwagilia, kisha wakafunika udongo kwa maganda ya karanga ili unyevu usipotee.

Mwezi ulipita. Manundu yalikuwa palepale. Katarina alianza kusema ingekuwa heri miti yote ingekatwa. Sixbert alimpigia Adelina simu, akaambiwa tunda lililokwisha kujikunja halinyooki. Watazame maua mapya.

Uchungu ulimshika Nyamizi kabla hajaona badiliko lolote kwenye miti. Alijifungua mtoto wa kike zahanati, mchana. Katarina aliifungua khanga na kumkagua mjukuu wake kuanzia utosini, nyuma ya masikio, kwapani, mpaka vidole vya miguu. Hakupata nundu hata moja. Akaketi chini sakafuni na kulia.

Mwezi wa Februari, mapapai mapya yaliiva. Yalikuwa marefu, laini, mengi kuliko mwaka uliopita. Akina mama wa sokoni waliyageuza mikononi wakitafuta kasoro, kisha wakayanunua. Sixbert alichimba mashimo kumi na moja, akatia samadi na kupanda miche mipya.

Siku hiyo Katarina alipasua papai kubwa. Alikula kipande kimoja yeye mwenyewe, mbele ya Nyamizi aliyekuwa akinyonyesha. Kisha akasukuma sahani yote mbele ya mkwewe.

"Kula, mwanangu," alisema. "Nilikunyima bure."