Ni Nani Aliyekata Jalada?

Waithaka alikuwa na saiba, duka la intaneti, pale mtaa wa Bondeni, ukuta mmoja na duka la spea za baiskeli la Amarjit. Kompyuta zilikuwa sita. Moja ilijizima yenyewe ikipata joto, kwa hivyo ilipewa mteja asiye na haraka. Kila asubuhi Waithaka alifagia, akafungua madirisha, akakaa mlangoni. Mambo ya mashine aliyaacha kwa binti yake Wangare, aliyesomea kompyuta. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Mke wake alikufa akingoja daktari ambaye hakuja. Tangu hapo hakuwa na neno zuri kwa mkubwa yeyote wa serikali.

"Wanasema elimu ni bure," alizoea kuwaambia wateja. "Vitabu viko wapi? Mtoto atasoma ukuta?"

Ndiyo maana mwaka huo wa 2007, Wangare alipofungua tovuti, baba alifurahi sana. Tovuti iliitwa Somabure. Mwanafunzi yeyote aliweza kuingiza humo noti na vitabu vya marudio, na wengine wakavipakua bila kulipa. Paresh, mwenye duka la yunifomu, alilipa ili tangazo lake lionekane humo. Intaneti ilikuwa ya polepole. Kitabu kimoja kilichukua muda wa kuchemsha githeri ya mahindi na maharagwe. Hata hivyo watoto walijaa saiba, na Waithaka akaona ameziba pengo lililoachwa na wakubwa.

Siku moja mzee aliingia kuchapisha barua. Alikuwa Mwalimu Nyongesa wa mtaa wa Rhonda, aliyefundisha kemia mpaka akastaafu. Alisimama kando ya printa akingoja zamu yake. Printa ilikuwa ikitoa karatasi za mtu mwingine. Mzee akaziangalia. Akainama. Akaokota moja.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu, mzee," alijibu Cheptoo, msichana wa kidato cha nne. "Noti za kemia. Ziko poa sana."

"Umezitoa wapi?"

"Kwa Somabure. Unabonyeza tu."

"Na ni nani aliandika?"

"Hakuna mwenye aliandika. Ni noti tu."

"Hakuna mwenye aliandika," mzee alirudia polepole. Kidole chake kilikuwa juu ya mchoro. "Unaona huyu kijana ameshika chupa? Ni mtoto wangu. Nilimchora jikoni kwangu. Hiki kitabu ni mimi niliandika, na nilikichapisha na pesa yangu."

Waithaka aliinuka mlangoni. "Mwalimu, usitishe wateja. Vitabu ni watoto wanaleta. Mimi ni kama mwenye ploti. Mpangaji akiiba kuku, mwenye ploti anashikwa?"

"Kuku wangu yuko kwa sufuria yako, na wewe unaniambia mambo ya ploti," alisema Nyongesa. "Tutaongelea kortini."

Alitoka bila barua yake. Waithaka akaenda duka la pili, kwa Amarjit. Jasvinder, mke wa Amarjit, alikuwa wakili mjini, na mchana alikula pale dukani na mumewe.

"Madam," Waithaka alisema, "mtu anaweza kunipeleka kortini kwa kitu sijafanya?"

Akamweleza yote. Jasvinder alifunika chakula chake.

"Baba Wangare, kitabu ni mali ya aliyekiandika. Sheria ya hakimiliki haishiki tu yule anayenakili kazi ya mtu bila ruhusa. Inashika pia anayesababisha inakiliwe. Korti itauliza, tovuti ni ya nani? Ni nani anafaidika watoto wakijaa? Alijua? Na alipojua, alifanya nini?"

"Sikujua. Hata kuwasha hiyo kompyuta siwezi."

"Sikia. Mpangaji akiiba kuku usiku, mwenye ploti hana makosa. Lakini akiona chang'aa, ile pombe haramu, inapikwa uani, anyamaze, na aendelee kula kodi ya hiyo chang'aa, polisi watamwacha?"

"Watamshika," alisema Waithaka.

"Kitabu huwa na jalada," Jasvinder aliendelea. "Lina jina la mwandishi, na onyo kwamba hairuhusiwi kunakili. Mbona huyo msichana hakuona jina? Watoto walileta vitabu bila majalada?"

Wangare alikuwa amemfuata baba yake. Alisimama mlangoni akiangalia chini.

"Vilikuja na majalada," alisema. "Mimi ndiye nilikata."

"Ulikata kwa nini?" baba aliuliza.

"Si wewe uliniambia, Baba? Ulisema hizo picha za rangi ni nzito, zinachelewesha watoto. Ukasema nitoe, nibakishe kurasa za maana."

Waithaka alishika kaunta. Ni kweli alisema hivyo, amesimama nyuma ya kiti cha binti yake na kikombe cha chai mkononi. Hakuuliza zile karatasi za rangi zimeandikwa nini. Kumbe walikuwa wakikata jina la mtu.

"Ulikata ngapi?"

"Zote, Baba."

Amarjit, aliyekuwa akipanga spoku, aliacha kupanga.

"Hapo sasa," Jasvinder alisema, "huwezi kuambia korti ni watoto peke yao. Mikono yenu imepita hapo. Kompyuta zinaweza kuchukuliwa zote. Mnaweza kutozwa faini, hata kufungwa. Wewe na Wangare."

"Na Wangare?"

"Na Wangare."

Waithaka akakaa juu ya katoni ya tyubu. Mke alishaenda. Sasa binti naye aende jela kwa neno alilolisema mwenyewe akinywa chai?

"Hii sheria ilitangazwa wapi?" aliuliza kwa hasira. "Wakubwa wanaandika kwa Kiingereza, wanafungia kwa kabati, halafu wanakuja kutushika nayo."

"Una haki ya kukasirika," alisema Jasvinder. "Lakini hasira haitoi kitabu kwa tovuti. Kitoeni leo, na vingine vyote ambavyo hamna ruhusa. Halafu mwendee mwalimu. Na hayo maneno ya ploti uyaache hapa."

Wangare alivitoa vitabu hivyo, na jioni hiyo yeye na baba yake wakaenda Rhonda. Katika nyumba ya Nyongesa vitabu vya kemia vilirundikana chini ya meza hadi nyuma ya kochi.

"Mwaka jana maduka yalimaliza vyote," mzee alisema. "Mwaka huu wanasema watoto wanavipata bure. Na pensheni yangu bado iko Nairobi, inatafuta faili."

Waithaka aliangalia yale marundo. Siku zote alilaani wakubwa wanaokula jasho la wadogo. Sasa alikuwa mbele ya mtu mdogo kama yeye, na aliyekula jasho hakuwa mkubwa yeyote. Alikuwa Waithaka wa Bondeni.

"Mwalimu, nimekukosea," alisema. "Si watoto. Ni mimi."

Nyongesa akamgeukia Wangare.

"Jina langu unaweza kulirudisha?"

"Naweza, mwalimu."

"Basi wekeni sura ya kwanza, iwe bure. Mwenye anataka zingine anunue kitabu hapo kwenu. Lakini tuandikiane."

Jasvinder aliwaandikia mapatano, wote wakatia sahihi. Mambo ya korti yakaisha hapo.

Wangare alibadilisha tovuti. Hakuna kitabu kilichoonekana tena humo kabla yeye hajakikagua. Aliyeleta alitaja mwandishi ni nani na kuonyesha ruhusa yake. Nambari ya simu iliwekwa ukurasa wa mbele, ili mwenye mali akilalamika kazi yake itolewe siku hiyo hiyo. Aliyerudia kuleta vya wizi alifungiwa.

"Sasa mmekuwa kama serikali," alinung'unika Cheptoo.

Tusi hilo lilimuuma Waithaka kuliko yote. Lakini walimu wa Njoro na Olenguruone walisikia habari, wakaleta noti zao wenyewe, kwa hiari yao. Nyongesa naye akawa anakuja Jumamosi kuwaeleza watoto maswali magumu, na vitabu vyake vikanunuliwa.

Kampeni zilipopamba moto, mheshimiwa mmoja aliyetafuta udiwani alifika na sidii mkononi. Ilikuwa na kitabu kizima cha hesabu.

"Wekeni hii," alisema. "Na muandike ni mimi nimewaletea."

"Aliyeandika amekubali?" aliuliza Waithaka.

"Mzee, unajua unaongea na nani?"

"Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nauliza. Leta ruhusa ya mwenye kitabu, tutaweka hata leo."

Mheshimiwa alitoka na sidii yake. Waithaka akavuta kiti mlangoni, akaomba chai. Siku hiyo hakumlaani mtu.