Jembe la Siku ya Tatu

Nyumba ilikuwa tupu kwa miaka miwili, lakini Asia alipogusa mafiga ili apange kuni, aliyakuta yana moto.

Hakumwambia mumewe. Alijiambia labda jirani hupika humu mvua ikimfukuza kwake, akafuta vidole kwenye kanga na kuendelea na kazi. Mtu akikitaka kitu sana hujifunza kutoona, na Asia aliitaka nyumba ile kuliko kitu chochote tangu azaliwe.

Kisa chao hakikuwa kigeni mwaka ule. Stambuli, mumewe, alikuwa mhunzi wa Bagamoyo aliyeifuata reli ya Wadachi, Wajerumani wa wakati ule, hadi Morogoro. Reli ilifika, ikatua kidogo, kisha ikashika njia ya Kilosa pamoja na karakana yake na kelele zake zote, na mabwana wakachagua watu wa kwenda nao. Stambuli hakuchaguliwa. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba kule bondeni Morogoro homa ilikwisha kuwachukua watoto wao wawili, na sasa ilikuwa imemkalia wa tatu, Hidaya, binti wa miaka sita ambaye kifua chake kililia kama mlango mbovu.

"Kule juu, njia ya Mgeta, kuna mji unaitwa Mkumbulu," Gulam mwenye duka alikuwa amewaambia. "Kampuni ilichimba ulanga, ulanga umekwisha, kampuni imeondoka. Nyumba za bati, ndugu yangu! Baridi tupu, mbu hamna. Wanataka watu wazikalie zisianguke. Kaeni siku chache, mkipenda njoo unipe neno, nimpelekee bwana wa kampuni."

Basi wakapanda. Mkumbulu ilikuwa na nyumba thelathini, na sita tu ndizo zilizofuka moshi. Katika banda kubwa ambamo wanawake mia mbili walikuwa wakichambua ulanga, sasa walilala mbuzi. Vipande vya madini yale, vyembamba kama maganda ya kitunguu, vilimetameta njiani kila mtu alipokanyaga, na juu ya nyumba mlima ulikuwa wazi, umetobolewa matundu meusi.

Stambuli, kama mtu aliyelelewa vizuri, alizunguka kujitambulisha. Alipiga hodi nyumba zote sita. Hakuna aliyemwitikia. Milango ilifunguliwa kimya kimya, watu wakamtazama, ndipo wakamsalimu.

"Washenzi hawa," alimwambia Asia aliporudi. "Hata hodi hawaijui."

Jioni ile bibi mmoja wa Kiluguru, Mosi, mjane wa mchimbaji, alikuja akasimama mlangoni akikohoa badala ya kubisha. Stambuli akamwambia kwamba yeye huzungumza na watu wanaojua kupiga hodi, akaurudisha mlango. Watu wa pwani, Mungu atusamehe, tuna ujuzi wetu.

Kesho yake, jua la utosi, Stambuli alikuwa ameenda kuchanja kuni na Hidaya alikuwa amelala akitweta. Asia alikuwa akisonga ugali.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamume pale nje. Ilikuwa ya upole na uchovu.

"Karibu!" Asia akaitika, bila kugeuka, kama ambavyo wewe na mimi tungeitika.

Mlango haukusogea. Harufu tu ndiyo iliyoingia, ya udongo mbichi wa chini sana na ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ikampita mgongoni, ikaenda ikatulia kwenye pembe alikolala mtoto. Asia akageuka na mwiko mkononi. Hapakuwa na mtu.

Hidaya akafumbua macho. "Mama," akasema, "nina njaa." Mwezi mzima mtoto yule alikuwa hajasema hivyo.

Siku ya pili alikimbia uani. Kifua kilinyamaza. Stambuli alicheka hadi akalia, akamshukuru Mungu kwa hewa ya milimani, na Asia naye akashukuru, ingawa mchana ule walipokaa watatu kuuzunguka ugali, ule upande wa nne, usio na mtu, ulimegwa. Walimwona Hidaya akisogeza bakuli la mboga kidogo upande ule, kwa adabu. Na jioni, wakati wa magharibi, Asia alipokuwa akikunja mkeka alisikia ukutani pumzi za mtu aliyetoka kubeba mzigo, zikipanda na kushuka, zikamfuata toka chumba cha mbele hadi jikoni na toka jikoni hadi mlangoni, zikinuka mshumaa na udongo, na kila aliposimama zilisimama, na alipojaribu kusema bismillahi ulimi wake ulikuta mchanga laini wa ulanga umejaa mdomoni, akautema kiganjani ukang'aa, na sauti ile ya upole ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Ahsante kwa kunikaribisha."

Alikimbilia kwa Mosi, akaanguka miguuni pake.

"Shikamoo, bibi. Nisaidie."

"Marahaba. Umemwitikia," Mosi akanong'ona. Halikuwa swali. "Nilikuja kuwaambieni, mumeo akanifungia mlango. Mlima ule ulikuwa nyumba yake, mwanangu. Wakauchimba mpaka wakatoboa dari yake. Tangu siku hiyo anazunguka akiomba pa kukaa. Ukimnyamazia hupita. Ndiyo maana huku tunakohoa."

"Anaua?"

"Hajaua mtu. Watu huondoka wenyewe."

"Lakini mtoto wangu amepona!"

Mosi akatazama chini. "Nyie watu wa pwani si ndio wenye msemo? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Asia hakutaka kuielewa kauli hiyo. Aliporudi alimwambia mumewe mambo yote isipokuwa hilo la mwisho. Ilikuwa hewa, alijiambia. Baridi ndiyo iliyomponya mtoto. Lazima iwe baridi.

Alfajiri Stambuli alishuka Mzumbe kumfuata Mwalimu Kibwana, Mbagamoyo mwenzake, msomi wa vitabu vya majini. Walifika mchana wa siku iliyofuata. Kibwana alifukiza ubani, akasoma, akaandika kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaziosha kwa maji akawanywesha. Moshi wa ubani uligoma kupanda, ukalala sakafuni. Mwisho akafunga kitabu huku jasho likimtiririka.

"Sina dua ya kumtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuvamia. Mkeo amemkaribisha. Aliyekuja kwa adabu hutoka kwa adabu." Akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Siku mbili zake kama mgeni zimekwisha na kupita. Wazee walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Mpe. Mvivu atakimbia mwenyewe."

"Tumwulize yule bibi kwanza," Asia akasema.

"Mluguru atatufundisha nini kuhusu majini?" Kibwana akauliza, na Stambuli akacheka.

Stambuli alifua jembe kwa mkono wake, jembe zuri, akaligonga alama yake ya ukoo kwenye bapa. Kesho yake, jua la utosi, akaliweka juu ya kizingiti, akasema kwa sauti kubwa, "Mgeni wetu, hili lako!" Yeye, Asia na Kibwana wakainamisha macho. Walipoyainua, jembe halikuwepo, na ile harufu ilikuwa imetoka. Muda si mrefu wakasikia, mbali, huko kwenye matundu, kishindo kimoja baada ya kingine.

Kibwana akarudi Mzumbe. Siku mbili nyumba ilitulia. Hidaya alinenepa. Asia alicheka akiwa peke yake jikoni. Stambuli alishuka Morogoro, akampa Gulam neno lake: wanahamia. Akauza kitanda chao na kibanda chao cha bondeni, akarudi na mzigo wote waliobakiwa nao duniani.

Asubuhi iliyofuata, Asia alipofungua mlango, alikuta majembe matatu yameegemezwa ukutani, yameloa, yanang'aa ulanga mpaka kwenye mipini. Alama ya ukoo wa Stambuli ilikuwa kwenye kila bapa, na Stambuli hakuyafua. Moja lilikuwa dogo, lenye mpini wa kumfika mtoto kifuani.

Mosi alikuwa amesimama njiani. Safari hii hakukohoa.

"Nani alimkabidhi jembe?" aliuliza. "Mlangoni? Mchana, mbele ya shahidi?"

"Sisi," alisema Stambuli. "Tulikuwa tunamfukuza."

"Kumfukuza! Huku kwetu mwenye ardhi humpa mtu jembe mlangoni akimkabidhi shamba na nyumba. Ndivyo tunavyogawa. Mmempa, baba. Yeye ndiye mwenyeji." Akahesabu kwa vidole. "Na leo ni siku yenu ya tatu, wageni."

Stambuli hakungoja. Alimnyakua Hidaya, akamweka begani, akakimbia kuteremka kwenye njia ya bondeni na Asia nyuma yake bila viatu, wakapita banda la mbuzi, wakapita nyumba ya mwisho, na walipokanyaga maji ya kijito mtoto akakohoa mara moja, wakaendelea, akakohoa tena na mwili ukaanza kuwaka kwenye shingo ya baba yake, wakaendelea, Asia akipiga kelele kwamba ni baridi ya asubuhi, ni baridi tu, mpaka kikohozi kikawa hakina nafasi ya pumzi na midomo ya Hidaya ikageuka rangi ya majivu, na Stambuli akasimama katikati ya njia, hajui mguu upi autangulize.

"Rudi," Asia akasema.

"Mama Hidaya, unajua unachosema?"

"Huko chini nimezika wawili, Stambuli. Rudi!"

Walirudi. Kijitoni homa ilishuka. Mlangoni mtoto alikuwa mzima, akiomba chai. Wakamketisha mkekani, wakaingia chumbani kunong'onezana kama watu waliomo kwenye nyumba isiyo yao. Stambuli alitaka wampeleke hospitali ya misheni. Asia aliuliza kama atafika hai. Mume akaficha uso mikononi na kulia kwa sauti, na mkewe akamwacha alie.

Walipotoka, mkeka ulikuwa mtupu, na ukutani yalibaki majembe mawili. Huko juu mlimani kishindo kilikuwa kimeanza, kimoja kizito na kimoja chepesi kikikifuatia, na katikati yake Hidaya alikuwa akiimba kwa kifua kisafi kabisa.

Asia alichukua jembe lililo karibu naye. Akachukua na la pili, akamtia mumewe mkononi, akaanza kupanda.