Kimulikatumbo na Mtoto wa Sikudhani

Kimulikatumbo kiliwaka, na picha ya tumbo la mtoto wa miezi mitatu ikatandazwa hewani katikati ya chumba, kubwa kuliko kitanda. Haikuonekana nyama wala damu, ila vijidudu tu: mamilioni ya bakteria wa utumboni, kila ukoo na rangi yake. Dakta Tabia Mkude, aliyekihangaikia chombo hicho miaka na mikaka, nusura apige kigelegele. Alikuwa hajakiwasha kwa mgonjwa wa kweli hata mara moja, na sasa kilikuwa kinafanya kazi!

Nje ya dirisha, Morogoro ilijaa minara na magari yanayoruka. Kesi iliyoletwa ndani ilikuwa ya kale. Mtoto alikuwa akiharisha na kukonda, na Bi Mwantumu, mama wa baba yake, alikwisha toa hukumu.

"Mtoto kabemendwa huyu," alisema, akimnyooshea kidole mkamwana wake, Sikudhani. "Mama katoka nje ya ndoa na huku ananyonyesha. Kuharisha gani huku kusikosikia dawa?"

Shomari, mume wa Sikudhani, aliyesimama kando ya mama yake, alikuwa ameapa kwamba mashine isipomtoa mkewe hatiani, atamwandikia talaka siku hiyo hiyo. Sikudhani alimpakata mwanawe.

"Mama, hebu tazama hapa," Tabia alimwambia Bi Mwantumu. "Hivi vya kijani husaidia kumeng'enya maziwa. Mtoto huvipokea kwa mama yake anapozaliwa. Kwa mjukuu wako pana upara, havimo."

Akakielekeza chombo kwa Sikudhani. Picha ya pili ikatanda kando ya ile ya kwanza, ina upara ule ule, mahali pale pale. Moyo ulimdunda Tabia kwa furaha.

"Dawa!" alisema. "Ulimeza dawa ya kuua bakteria ukiwa na mimba. Dawa hizo hazichagui adui na mpangaji mwema, hufagia wote. Mara nyingi vijidudu huota tena, na watoto wengi hawadhuriki kabisa. Wako karithi shamba tupu, basi. Nitampa matone ya mbegu, vijidudu hai vya kijani, na utumbo utajipanda upya. Hakuna kubemendwa hapa!"

Sikudhani alishusha pumzi. Bi Mwantumu hakushusha kidole.

"Kumbe ni yeye tu," alisema. "Kabugia madawa ovyo, kamuumiza mjukuu wangu."

Tabia alihisi damu ikimchemka. Chombo chake kilikuwa kimeshinda, na huyu mama alikuwa amebadilisha jina la kosa tu, mkosaji akabaki yule yule.

"Hakubugia ovyo! Daktari hampi mjamzito dawa kali vile bila sababu. Mwambie, Sikudhani, ulikuwa unatibiwa nini?"

Neno lilipomtoka ndipo alipojua alichofanya. Swali lile huulizwa mlango ukiwa umefungwa, na yeye, kwa ulevi wa ushindi, alikuwa amelitupa mbele ya mume na mkwe. Alitaka kulirudisha, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

"Usijibu," alisema haraka. "Nisamehe, si lazima."

Sikudhani alimtazama mumewe. Shomari aliinamia viatu vyake.

"Nimestiri vya kutosha," Sikudhani alisema. "Kisonono, mama. Daktari alisema nisipotibiwa, mtoto angeweza kuzaliwa akapofuka. Na mimi sijamjua mwanamume mwingine zaidi ya mwanao."

"Mama, usimsikilize..." Shomari alianza.

"Nyamaza!" Bi Mwantumu alimkatiza. "Uliijua aibu yako, ukakaa ukaniacha nimtukane mwenzio?"

Bi Mwantumu alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa mkamwana wake, akampokea mtoto.

"Baba naye hubemenda," alisema polepole. "Daktari, lete hayo matone. Na wewe, Sikudhani mwanangu, hiyo talaka ukitaka kuidai wewe, shahidi wako ni mimi."