Leontin na Mitambo Yake ya Upepo

Otilia Caraman hakuwa na subira na watu wasiojua kazi, na asubuhi ile sokoni Constanța, mji wa bandari wa Rumania, alikuwa amebanwa nyuma ya mmoja wao. Kwenye kibanda cha fundi wa redio, mwanamume mrefu mwenye koti la bandarini alikuwa akibembeleza auziwe kanda za video, zile ndogo, za kamera ya nyumbani ambayo hata jumba la makumbusho lingeikataa.

"Bwana mkubwa," Otilia akasema, "harusi inanisubiri na betri ya kamera yangu imekufa. Hayo mazishi ya kamera yako yafanye baadaye."

Mwanamume akageuka, akamtazama kuanzia buti nyekundu hadi miwani ya jua. "Pita, bibie. Mgonjwa wangu hana haraka."

"Kwani unarekodi nini na kitu hicho? Ubatizo wa paka?"

"Mitambo ya upepo ya kufua umeme, ile ya kijiji cha Fântânele. Nasimama chini yake kabisa, panga linapita juu ya kichwa."

Otilia alicheka mpaka fundi akaangusha bisibisi. "Mtu mzima na ndevu zako, unarekodi mapangaboi!"

Aliitwa Leontin Bratu, mwendesha kreni. Otilia alikuwa amerekodi harusi miaka kumi na moja, na alizidharau zote: mabibi harusi waliolia kwa kuagizwa, wajomba waliocheza na chupa kichwani. Lakini aliowadharau zaidi ni wale waliobeba kamera bila kujua kuishika. Hata hivyo alimpa Leontin namba yake ya simu. Alijiambia anatafuta cha kumchekesha.

"Haloo, daktari wa mapangaboi?"

"Nipo, malkia wa keki."

"Leo yamezunguka?"

"Yamezunguka vizuri. Njoo uone, au unaogopea nywele?"

Alikwenda, kwa koti jeupe, ili tu aonyeshe haogopi. Shamba la alizeti lilikuwa limeshavunwa, tope limebaki. Leontin akalala chali chini ya mnara, kamera kifuani, na kila panga lilipopita hewa ilikatika kwa sauti nzito, vuum, mpaka Otilia akaisikia mbavuni.

"Sikia, sikia, linapumua!" Leontin akanong'ona, na kanda ikayanasa maneno yake.

"Unaonekana kama mzoga, mpenzi." Neno lile la mwisho lilimponyoka, akakasirika.

Leontin akainuka. "Kule bandarini upepo ukizidi, tunashushwa kwenye kreni. Upepo unanifukuza kazini kama mbwa. Hapa naona nao umepatiwa kazi. Basi, ni hilo tu."

Otilia akamvuta kola. Akambusu, ili anyamaze. Leontin alinuka tope na kahawa, na koti jeupe halikutakata tena.

Walipendana miezi minne. Otilia hakuwaambia wenzake.

Siku ya kuzaliwa kwake, mwezi wa Februari, aliwaalika nyumbani wapiga picha wa harusi wa mjini, watu wa manukato na skafu za hariri, ambao kati yao hakuna aliyewahi kumsifu mwenzake akiwepo. Leontin alikuwa zamuni bandarini. Mmoja akauliza ile kanda juu ya televisheni, aliyoiacha Leontin, ni ya nini. Otilia angeweza kusema ni ya mtu anayempenda. Badala yake akaiweka mashineni.

Wakacheka hadi machozi. Otilia akapanda juu ya kiti, akakunja shingo, akaigiza sauti: "Sikia, sikia, linapumua!"

Kicheko kikakatika upande wa mlangoni. Leontin alikuwa amesimama pale na sinia la pai ya jibini, bado inatoa mvuke. Upepo ulikuwa umemshusha mapema. Akaweka sinia mezani, akaitoa kanda yake mashineni.

"Pai uile ikiwa ya moto, Otilia," akasema, akaondoka.

"Ndiye yule?" mgeni mmoja akauliza. "Wewe, pamoja na *yule*?"

Otilia akamtazama, akaona meno yake yote. "Toka kwangu," akamwambia. "Tokeni wote."

Alipiga simu siku tisa. Siku ya kumi ikapokewa.

"Nani mwenzangu?"

"Unajua ni nani."

"Nawajua wawili. Mmoja aliyenibusu shambani, mwingine aliyepanda kiti. Ni yupi?"

"Ni yuleyule, Leontin. Ndiyo maana najidharau."

Simu ikakatwa.

Jumatano Otilia akamkuta Fântânele, pua yake nyekundu kwa baridi.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kuchekwa. Nipe kamera."

Akaishika. Upepo ukamsukuma, na mtambo ukatoka nje ya picha mara tatu. Leontin akatazama kazi hiyo, midomo ikamcheza.

"Miaka kumi na moja, mtaalamu!"

"Nyamaza. Utaniomba tuoane, au hutaniomba? Baridi inaniua."

"Leo sikuombi. Bado nina hasira."

"Itaisha lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi nina harusi ya watu."

"Basi Jumapili."

Jumapili Leontin alifika kwa mama yake Otilia, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, akaomba mbele ya mama, shangazi na majirani wawili waliojialika. Otilia akamtazama kwa dharau ndefu, akamwacha asimame hivyo mpaka supu ya samaki ikapoa mezani.

Kisha akasema ndiyo.